Kigari cha Stoo

Jumatatu, 14 Juni 1976
Kimetembea! Mota mbili za vinanda vya santuri vilivyokufa, betri za redio, magurudumu ya vifuniko. Juu kuna kopo linalozunguka, limepigiliwa misumari midogo. Msumari ukigusa waya, gurudumu la upande mmoja linasimama, kigari kinakata kona. Basi nikipanga misumari, nimekipangia safari. Nimejenga vichochoro vya matofali sakafuni mwa stoo ya shule. Kikigonga ukuta narekebisha. Mkuu wa shule anataka tukionyeshe Kasulu, Sabasaba.

Alhamisi, 17 Juni
Misumari imeng'olewa. Haikudondoka – matundu yamechokonolewa. Ufunguo ninao mimi na Mwalimu Renatus tu. Anasema labda panya. Panya gani ana plaizi?
Na Tamimu wa dukani kaniuliza betri zote hizi za nini, nyumbani kuna redio ngapi. Nikalipa, nikaondoka.

Jumanne, 22 Juni
Jirani yangu Generosa kanivuta pembeni. Sokoni wanasema mashine ya mwalimu inapeleka habari ng'ambo, Burundi. Kisha, kwa aibu: ni kwa sababu ya mumeo.
Mume wangu Ndihokubwayo alivuka mpaka mwaka sabini na mbili, yeye na mama yake. Leo ni seremala, kila mtu hapa kakalia viti vyake. Nilipomweleza akasema waache waseme. Lakini hakumaliza ugali.

Ijumaa, 25 Juni
Imeng'olewa tena. Nimemtuhumu Renatus mbele ya walimu wote. Kaapa kwa kaburi la mama yake, kanitupia ufunguo mezani, katoka. Sasa funguo zote mbili ziko kwangu.

Jumatatu, 28 Juni
Tena.
Funguo zililala ndani ya mkoba wangu. Mkoba ulilala chumbani kwetu. Renatus nimemwonea bure.
Nimemuuliza mume wangu wakati wa chakula. Hakukana. "Reka, Mama Esteria. Acha. Kikienda chenyewe watasema kinatumwa. Kikikwama watacheka, basi."
Nikamwambia hiyo ni kazi yangu. Akasema na yeye ana shingo moja.
Sasa sijui. Ni woga tu, au kuna jambo hajaniambia miaka yote hii? Najichukia kwa kuwaza hivyo. Nawaza hivyo hivyo.

Jumanne, 29 Juni
Nimerudisha misumari yote. Kwa hasira. Kigari kimepita vichochoro mwanzo mpaka mwisho, hakikugusa hata tofali. Sikumwambia mtu.

Jumatano, 30 Juni
Wamekuja wawili kutoka wilayani, kwa Landrova. Wanakunywa chai kwa mkuu. Ndihokubwayo kaitwa kutoka karakana, kaambiwa aje na kitambulisho chake cha ukimbizi. Mimi nimeambiwa nikiandae kigari, waone kinavyofanya kazi.
Nimo stoo. Dirishani namwona amesimama uani, kofia mkononi. Anadhani hakitaenda. Hata hatazami huku.
Plaizi ninayo. Misumari niliipigilia sana jana, haitoki upesi.
Mlango wa ofisi umefunguliwa. Mmoja anamuuliza mkuu, stoo ni ipi.
Msumari umetoka mmoja.