Mwaka Mmoja wa Milembe na Ndoo ya Mama Neema

Jumatatu, mchana. Upepo wa kiangazi, vumbi mpaka ndani ya sufuria.

Shajara yangu ya mtandaoni, nimechoka. Nimechoka hoi bin taaban, na leo sitafuti maneno mazuri ya kulifunika hilo. Milembe amelala kwenye mkeka pembeni ya cherehani. Sketi za shule za watu ziko hapa mbele yangu na sijazigusa. Naandika kwa simu, kwa kidole gumba kimoja, maana mkono mwingine unamfukuzia inzi.

Jana alitimiza mwaka.

Nilidhani mwaka wa kwanza ukiisha atatokea mtu aniambie pole, umefika, sasa pumzika. Hakutokea. Waliokuja waliuliza swali moja, tena kabla hawajakaa: "Bado hajatembea?" Mwanzoni nilijibu huku nacheka, baadaye nikajibu bila kucheka, mwisho nikawa naitikia kwa kichwa tu. Hajatembea, jamani. Anasimama akishika stuli, anaizunguka yote, akiiachia anaketi kwa makalio na kututazama utadhani sisi ndio tuliomwangusha. Nesi wa kliniki alimkunja magoti, akamvuta miguu, akasema mtoto mzima huyu, mwacheni. Mimi nimemwacha.

Mama mkwe hajamwacha. Alikuja Ijumaa kutoka Songwa na jogoo, mfuko wa michembe, vile vipande vya viazi vilivyokaushwa, na karanga za kuilia. Wanasema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Huyu alilichukua mwenyewe siku ileile aliyofika. Alichimba kishimo nyuma ya jiko, akamsimamisha mjukuu wake humo, akamfukia hadi magotini kwa mchanga uliopata jua, ili miguu ikaze.

"Unambeba mno mgongoni, mama Milembe," akaniambia. "Mtoto ataijuaje ardhi?"

Nilitaka kumuuliza, nikimweka chini nani atashona, na nisiposhona tutakula nini. Nikasema, "Sawa, mama." Milembe mwenyewe alikifurahia kishimo chake, akala na mchanga.

Nampenda huyu mama, niseme kweli. Ananichosha, lakini ndiye mtu pekee mwaka huu aliyemchukua mtoto mikononi mwangu bila kuombwa na kuniambia nenda kalale. Jumamosi mchana nililala usingizi ambao niliamka sijui niko kwa nani.

Sasa nije kwa baba Milembe. Mume wangu yuko machimboni, upande wa Geita. Aliondoka mtoto akiwa bado analala chali na kucheza na vidole vyake. Yote yaliyofuata aliyasikia kwenye simu: jino la kwanza, kukaa, kutambaa, ambako binti alianza kwa kurudi kinyumenyume hadi akajikuta uvunguni mwa kitanda na kuanza kulia. Baba yake akipata mtandao jioni anapiga, naweka spika, Milembe anaisogelea simu na kuiramba. Kwa hiyo neno lake la kwanza lilipokuja, "baba", alilisema akiwa ameinyooshea kidole simu. Simu ya jirani nayo ni baba. Rimoti ya televisheni kwa Mama Neema, jirani yetu, nayo ni baba. Watu hucheka sana wakisikia. Nami hucheka nao, halafu nikiingia ndani inaniuma.

Katika sherehe ya jana ya kutimiza mwaka nilitaka jambo moja tu. Keki iungue, jogoo atoroke, sawa. Nilitaka mtoto wangu amwendee baba yake, ajue kwamba ni mtu.

Alifika jana tukiwa ndiyo tumetoka misa. Nilimwona anashuka kwenye bodaboda nikadhani ni mtu mwingine. Nywele nyekundu kwa vumbi, ngozi rangi ya udongo, nguo zimekakamaa mwilini. Sikumuuliza kulikoni, maana mke wa mchimbaji anajua. Duara lao, yaani lile shimo wanalochimba, limeanza kutema dhahabu baada ya miezi ya mawe matupu. Duara likitema, mchimbaji haogi, habadili nguo, halali na mkewe, asije akaifukuza bahati. Wenzake walimruhusu kuja kwa masharti hayo.

"Nikioga halafu wakakosa, nitawaambia nini?" alisema. "Na wao wana watoto."

Mimi siyaamini mambo hayo. Ila sijawahi kutamka kwamba siyaamini mbele ya mtu anayeshuka chini ya ardhi kwa kamba.

Milembe alimwona akapiga yowe. Siyo kile kilio cha kuogopa mgeni. Lilikuwa yowe la mtu aliyekutana na fisi. Akamkaba bibi yake shingo na kuficha uso. Baba yake alikuwa amenyoosha mikono. Akaishusha polepole, akaificha mgongoni.

"Milembe, mwanangu. Ni baba."

Mtoto akaisikia sauti, akanyamaza palepale. Akageuka, machozi yakiwa mashavuni, akaangalia huku na huku. Simu yangu ilikuwa mezani. Akainyooshea kidole. "Baba."

Kuna mtu alicheka. Sikutaka kujua ni nani.

Basi mwenye mtoto akakaa kwenye stuli karibu na uzio, mbali, akimtazama mwanawe anavyolishwa wali kwenye mapaja ya watu wengine. Mama mkwe alimfuata na bakuli la mchuzi, akasimama naye. "Oga, ng'wana wane," alimwambia. Mwanangu, oga. "Hiyo dhahabu ilikuwepo kabla hujazaliwa." Naye akajibu kwa upole, macho chini: "Ingekuwa yangu peke yangu, mama, ningeoga." Mama akamwekea bakuli mapajani.

Keki aliioka Mama Neema, kwenye sufuria, mkaa chini na mkaa juu ya mfuniko. Mama Neema amehamia hapa Masumbwe juzi tu kutoka Singida, mumewe ni mwalimu, na mambo ya duara hayajui. Muda wote alikuwa jikoni na keki yake. Tulipoikata na kulishana, nikamwona anatoka bafuni na ndoo.

Nilijua anakwenda kufanya nini. Siku ya kuzaliwa bila kumwagiana maji haijaitwa siku ya kuzaliwa, na mtoto wa mwaka mmoja hamwagiwi, wanamwagiwa wazazi. Mume wangu alikuwa amempa Mama Neema mgongo. Mimi nilikuwa natazamana naye. Muda wa kusema, "Dada, usimmwagie yeye, nimwagie mimi," nilikuwa nao. Mdomo wangu ulikuwa umejaa keki, nikawa najiambia kwamba ndiyo sababu.

Halafu nikaimeza keki, na bado nikanyamaza.

Alimmwagia yote. Wanaojua wakashika midomo, na Mama Neema akabaki anaimba wimbo wa siku ya kuzaliwa peke yake mpaka naye akaacha. Maji yalishuka mekundu, yakaendelea kushuka, na kidogo kidogo uso ukatokea. Lile kovu la juu ya jicho likatokea. Yale masikio yaliyochomoza, ambayo kwa Milembe huwa nayabusu kila asubuhi, nayo yakatokea. Alikuwa anaiangalia mikono yake tu. Niliogopa, kwa kweli. Nilingoja asimame aondoke.

Milembe akacheka.

Huyu mtoto maji ni ndugu yake, kumtoa kwenye beseni ni vita. Alijinyonganyonga hadi akatoka mapajani kwa bibi, akatambaa kwenye tope na gauni jipya nililolishona kwa wiki nzima, akafika, akashika suruali iliyolowa, akajivuta, akasimama.

"Milembe," baba yake akasema.

Akainua uso kuitafuta ile sauti. Akamtazama mdomo, kisha macho, kwa muda mrefu. Mezani hakuangalia tena. Halafu akanyoosha mikono abebwe.

Alimbeba mpaka giza likaingia. Mama Neema, ambaye tayari alikuwa amenong'onezwa kosa lake na machozi yanamtoka, alikwenda kumpigia magoti mama mkwe. Mama akamwinua na kumshika mikono yote miwili. "Wabeja," akamwambia, asante, na maskini yule hakuelewa anashukuriwa nini. Mume wangu alilala sebuleni na mtoto kifuani, maana lile sharti jingine aliliheshimu.

Leo asubuhi, kabla bodaboda haijafika, nilimkuta nyuma ya jiko ameinama kwenye kile kishimo cha mama. Anachota udongo, anajipaka mikono, shingo, nywele. Wenzake wasijue. Nilisimama nikamtazama, halafu nikachuchumaa nikampaka mgongoni, asikofika. Hakuniuliza kama ile ndoo niliiona. Nadhani anajua.

"Usimwambie mtu," akasema.

"Nimwambie nani?"

Basi nimewaambia ninyi mnaosoma hapa, ambao hamlijui jina lake. Milembe alikuwa mikononi mwa bibi, akamtazama baba yake anavyogeuka kuwa yule mtu wa jana. Hakulia. Alipunga mkono jinsi tulivyomfundisha, kiganja kikiwa kimemwelekea mwenyewe.

Mama mkwe naye amepanda gari la saa nne. Nyumba imebaki na mimi, vumbi na mabaki ya keki. Mume wangu hajapiga. Duara likikauka leo atajua ni kwa nini, au atadhani anajua, na wale wanaume watarudi kwa watoto wao mikono mitupu. Namwomba Mungu liteme. Naomba kwa hofu kabisa, mimi nisiyeamini. Lakini ukiniuliza kama najuta, sijui nikujibu nini.

Milembe ameamka hapa nikiwa naandika. Nimemnyooshea simu kama kawaida yetu. "Nani huyu?"

Ameiangalia, ameisukuma pembeni. Ametambaa hadi mlangoni, ameshika fremu, amesimama. Anatazama barabarani bodaboda ilikopita.

"Baba?"

Jino nililiona likitoka, kukaa nikamsaidia kwa mito, kusimama bibi akachimba shimo. Hili la kumngoja mtu aliyeondoka limekuja lenyewe, na hakuna kliniki watakaponiuliza kama ameshaanza. Amjue baba yake ndicho nilichokitaka, na sikujua kwamba kinakuja na kungoja huku.

Sketi za watu zitangoja. Naiweka simu chini niende nikakae naye mlangoni.