Waya Unaokula Pumzi ya Mama

Gaborone, Jumatatu

Mdogo wangu Njeru,

Pokea salamu zangu, wewe, mkeo mama Mugendi na watoto. Natumaini mvua imewafikia huko Runyenjes na kahawa imeshika maua. Mimi nipo tu. Mguu bado unauma, na shule hii haitaniachilia kabla ya muhula kwisha. Kuhusu Mama sijui niulize vipi. Jana nilimsikia kwenye simu akitafuta hewa kati ya neno na neno, kama mtu anayepanda kilima, naye amelala kitandani.

Nakuandikia kwa karatasi kwa sababu kwenye simu unaniambia, "Sawa, mwalimu," kisha unakata. Mwenzangu anayerudi Embu atakukabidhi barua hii mkononi kabla ya Jumamosi. Dada yetu Wanja ameniambia kwamba siku hiyo fundi atakuja kuichukua mashine ya oksijeni ya Mama, aivunje achukue vipuri, kwa kuwa imekufa. Njeru, mashine haijafa.

Fundi alipokuja alipima soketi ya Mama akakuta volti 220, akasema stima iko sawa, basi mbovu ni mashine. Lakini alipima mashine ikiwa imezimwa. Stima isiyofanya kazi haionyeshi udhaifu wake, kama punda ambaye hajabebeshwa mzigo. Nilimsihi Wanja amwombe apime tena mashine ikiwaka. Wanja anasema Mama aliwatazama wakihangaika na nyaya akauliza, "Huyu ananipima mimi au anapima ukuta?" Kipimo kikashuka hadi volti 180, na mashine ikaanza kulia kama inavyolia kila jioni. Fundi akasema, "Si mnaona? Inakula stima." Akafunga mkoba wake.

Anayekula si mashine. Tufanye hesabu pamoja, polepole, kama tulivyofanya ulipokuwa darasa la nane. Juu kwenye nyumba yako, unakotoka waya wa Mama, kuna volti 220. Chini kwa Mama, mashine ikiwaka, zimebaki 180. Volti 40 zimepotelea njiani. Mkondo unaopita ni ampea 2. Ukigawanya 40 kwa 2 unapata ukinzani wa waya wenyewe, omu 20, ambao ni mwingi mno kwa waya wa kutoka kwako hadi kwa Mama. Ukizidisha 40 kwa 2 unapata nguvu inayopotea: wati 80. Wati hizo zinapasha joto viungo vya waya katikati ya kahawa yako, na Mama anakosa pumzi. Usifikiri kwamba kwa kuwa nyumba yake iko chini stima itateremka yenyewe kama maji ya mfereji. Stima haijui mteremko. Inajua waya mwembamba na kiungo kilicholegea.

Najua uliuvuta waya huo kwa mikono yako, kwenye mvua, siku Mama aliporudi kutoka hospitali. Uliunganisha vipande ulivyovipata, ukavisokota, ukavifunga kwa nailoni ya gunia la mbolea, ukavipitisha kwenye miti ya mikima. Mwana mwema hufanya hivyo. Sikutukani ninaposema waya huo hautoshi. Kumhamishia Mama kwako hakuwezekani pia. Unajua anavyoamini kwamba mama halali chini ya paa la mwanawe aliyeoa, na hatumbadilishi leo.

Kinachohitajika ni waya mmoja mnene wa shaba, usio na kiungo, kutoka kwenye mita yako hadi kwake. Dukani upo, Wanja anajua wapi. Zimeni stima yote kwanza, na ule wa zamani usiguswe ukiwa na moto.

Sitakudanganya. Waya mpya hautampa Mama mapafu mapya. Daktari alishatuambia barabara hii inakoishia. Usiku sioni mbele wala nyuma. Nimefundisha watoto wa watu hesabu hii tangu nikiwa mwalimu kule Nkubu, na sasa siwezi kumfikishia mama yangu volti arobaini. Jana nilianza kumweleza yeye mwenyewe, akaninyamazisha. "Mwalimu wangu," akasema, "hesabu zako ni nzuri. Lakini hapa ni nani wa kuzibeba?" Nilishika simu hadi ikakatika.

Kama huamini nambari, ziache. Shuka kwa Mama jioni, mashine ikiwa imezimwa, ukae kitini pale karibu na kitanda. Washa taa yake uitazame. Kisha washa mashine, uitazame taa tena. Utaiona inafifia. Kiasi hicho kinachotoka kwenye taa ndicho kinachotoka kifuani mwake. Ukishaona, mpe fundi mashine au usimpe, mimi nimemaliza kusema.

Nisalimie mama Mugendi, ambaye najua ndiye anayepeleka uji kule chini kila asubuhi. Msalimie dada yetu Wanja, umwambie alale kidogo. Msalimie mchungaji. Mama usimsomee haya. Mkalie tu karibu, umshike mkono kwa niaba yangu, kwa maana wangu haufiki.

Ni mimi kaka yako,
Nyaga