Mamba ya Kashikishi Anajuaka Bageni

Yaya Charlotte, yambo kwako na kwa batoto bote!

Huku Kashikishi, ngambo ya ziwa kutoka Congo, niko nakula samaki ya kuchoma mpaka tumbo inanitangulia ku njia. Mamba naye anakula, lakini usiogope. Batu banasema mamba yabo hanakulake mutu wa hapa, anakulaka paka bageni tu. Ni sawa biro ya imigrasyo, yeye tu hanaombake karatasi.

Bon, juzi mamba akamuuma muvuvi mumoja, Ba Mwape, ku kisigino, wakati alikuwa anafula nyavu mu mayi ya ziwa. Ba Mwape alizaliwa papa hapa! Batu bakakusanyika ku mayi. Hakuna hata mumoja aliuliza mamba alienda wapi. Mukubwa wa bavuvi akauliza paka: «Ba Mwape, babu yako alitoka wapi?»

«Kilwa, ku Congo,» akajibu, anashika muguu.

«Aaah!» bote bakapumua.

Ba Mwape akalia: «Lakini kitovu changu kilizikwa hapa!»

Mama mumoja muuza samaki akamujibu: «Mamba hakuangalia kitovu, tata. Aliangalia kisigino.»

Bakamunyanganya nafasi yake ya kufungia mashua. Unanijua, yaya: mbele ya kidonda kukauka, miye nikaiomba.

Mukubwa akasema: «Hakuna shida. Ingia mu mayi mpaka kifua. Ukitoka muzima, uko mutu wa hapa, nafasi ni yako.»

Nilikuwa nimeshatosha kiatu kimoja ku muguu. Nikakirudisha. «Tata, niache tu nikuwe mugeni.»

Unikumbatie mama sana, Mungu abalinde bote.

Mudogo wako Fiston, mwenye miguu yote mibili