Naliharibu Friji Langu Ili Fundi Arudi

Mpendwa Bi Sijaona, naomba msaada wako na naomba usinicheke, au kama utacheka basi ucheke huko huko ofisini, ukishamaliza ndiyo unijibu, maana barua hii nimeiandika mara tatu na mara zote nimeichana. Jina langu usiliweke gazetini. Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi hapa Ikwiriri, kwetu ni Dodoma, nina miaka arobaini na moja na ni mjane, mume wangu Paschal alifariki miaka minne iliyopita kwa ugonjwa wa figo, hatukujaliwa mtoto, na kitu pekee kinachonguruma ndani ya nyumba yangu sasa hivi ni friji la mvinyo.

Najua utauliza mwalimu wa Ikwiriri anafanya nini na friji la mvinyo. Baba yangu analima zabibu na kukamua mwenyewe, na tangu nilipopangiwa kazi huku ananifungia chupa kila nikienda likizo, nazo zikifika Ikwiriri joto linaziharibu kabla ya mwezi kwisha, halafu baba anapiga simu kuuliza ulikuwaje mvinyo na mimi namjibu ulikuwa mtamu sana baba. Paschal hakupenda kunisikia namdanganya mzee. Siku mtaalamu mmoja wa barabara alipokuwa anauza vitu vyake arudi kwao, watu waligombania godoro na jiko la gesi, Paschal akarudi amekumbatia kafriji kadogo kenye mlango wa kioo, kanaingia chupa kumi na mbili zikiwa zimelala, kana taa ya buluu na namba zinazoonyesha ubaridi. Jioni tulikuwa tunazima taa ya jikoni tunakaa kuliangalia tu, tunacheka kama watu waliopata mtoto.

Mwaka jana mwezi wa pili likaacha kupoza. Nikaelekezwa fundi wa kule Umwe, nitamwita Swalehe ingawa silo jina lake, anatengeneza mafriza ya wauza samaki na mafeni ya watu. Alipofika akasimama mlangoni pa jiko akaangalia kile kioo akaniuliza, “Mwalimu, hili friji au dirisha?” Kisha akauliza ndani mna nini, nikamwambia ukweli. Akasema, “Chupa hizo mie sizishiki wala sizibebi. Zitoe wewe, mashine ikiwa tupu ntakutengenezea.” Nikazitoa moja moja, nikazilaza kwenye kona, nikazifunika kanga, ndipo akaingia. Na ndivyo tunavyofanya mpaka leo, hakuna aliyewahi kusema neno baya kuhusu zile chupa wala kuhusu dini ya mwenzake.

Akatandika gazeti kuukuu sakafuni, gazeti lenyewe ni hili lako ninalonunua kila Alhamisi, akapanga skrubu juu yake. Nyuma ya friji vumbi lilikuwa limejaa kama sufi na feni imeganda. Akanifundisha. “Hili halina gesi wala kompresa ati. Lina kibati hapa, upande mmoja kinapoa, upande wa pili kinaunguza, na feni hii ndiyo inayoutoa moto nje. Feni ikisimama, kibati kinajiua, na kibati chake huku hukipati.” Akaniambia nilisogeze mbali na ukuta kiasi cha kiganja, nipige brashi nyuma kila mwezi, nipanguse mpira wa mlango kwa kitambaa cha maji ya sabuni, na nibane karatasi mlangoni, karatasi ikichomoka kirahisi nijue mpira umelegea. Bi Sijaona, tangu Paschal afariki hakuna mtu aliyeingia jikoni kwangu akakaa akanieleza kitu.

Kazi aliimaliza kwa nusu saa, lakini akasema haondoki mpaka aone namba inashuka, na mafriji ya aina hii hupoa taratibu, kutoka thelathini hadi kumi na sita ni mchana mzima. Akakaa kwenye kigoda, mimi nikakaa kizingitini, mlango nikauacha wazi majirani waone. Akanisimulia mafuriko ya mto yalivyoingia kwao Umwe, mpunga wa mama yake ukaondoka na maji. Alasiri ikaingia, akaomba maji akatawadha, akasali barazani, akarudi kuangalia namba. Ilipofika kumi na sita akaaga, na nyumba ikanyamaza, nikajua kumbe siku zote ilikuwa kimya hivi.

Mwezi uliofuata napiga brashi kama alivyonifundisha, nikauchomoa waya wa feni bila kukusudia. Akaja, akauchomeka, dakika tano, kisha akakaa saa tatu na nusu kusubiri namba. Mara ya tatu, Bi Sijaona, waya haukuchomoka. Niliuchomoa. Tangu hapo nimeuchomoa mara tano zaidi, nachomoa Ijumaa nampigia Jumamosi, na nikishapiga simu nafua pazia la jikoni.

Nimemnunulia glasi mpya, nikamwambia haijawahi kuguswa na mvinyo, akaipokea, na sasa maji ya kwanza kupoa humo ndani ya friji anakunywa yeye. Siku moja alijisahau akaniita kwa jina langu badala ya Mwalimu, nikaondoka kwenda kupika chai ambayo nilikuwa nimeshaipika. Akiwa anasubiri, hulisoma lile gazeti la sakafuni, tena ukurasa wako, ananisomea kwa sauti. Mwezi uliopita alisoma barua ya dada mmoja aliyempenda mwalimu wa kwaya miaka sita bila kufungua mdomo, akatikisa kichwa akasema, “Huyu naye, si aseme tu! Mdomo si anao?” Mimi nikainama nikachagua mchele ambao ulikuwa safi.

Mara mbili za mwisho amekuja bila begi la vifaa, ana bisibisi moja tu mfukoni na shati limepigwa pasi, naona labda ananidharau, kazi yangu anaiona ndogo. Na friji lenyewe linaumia. Zamani lilikuwa linafika kumi na nne, siku hizi linagota kumi na tisa na kile kibati kinanuka kuungua. Ninafurahi kwamba tunasubiri zaidi, kisha usiku naona aibu, maana lile ni friji la Paschal na ndani mna chupa saba za baba, ambaye mwaka huu macho yamemwisha na sidhani kama atakamua tena.

Jumamosi iliyopita aliushika ule waya akauangalia muda mrefu, akasema, “Mwalimu, nikiulehemu waya huu hautachomoka tena maisha. Nije na lehemu Jumamosi ya mwisho wa mwezi, au niuache hivi hivi?” Nikamjibu njoo nayo. Akasema haya, akaondoka namba haijafika hata ishirini. Jirani yangu Mwanaidi anasema fundi na mkewe waliachana mwaka ule wa mafuriko na sasa anaishi na mama yake na binti yake. Mimi ni Mkatoliki, yeye ni Mwislamu. Akilehemu, hatakuwa na sababu ya kurudi. Nisipomwacha alehemu, friji litakufa na sababu itakufa nalo. Nimtafutie ubovu mwingine, au niache yaishe? Nisaidie, sijawahi kumtamani mtu akae tu jikoni kwangu namna hii.

Mwenye Friji, Ikwiriri


BI SIJAONA ANAJIBU

Mwenye Friji, nimecheka na nimeshamaliza. Sasa tuongee.

Umeniomba nifiche jina lako, fundi ukambatiza jina jingine, halafu ukaandika Ikwiriri, mwalimu, mjane wa Dodoma, friji la mvinyo lenye mlango wa kioo na taa ya buluu. Mwanangu, yako mangapi huko? Mpaka wapiga debe wa stendi wameshakujua. Ungeniwekea namba ya simu ningekupigia tukayamaliza sisi wawili, hukuweka, kwa hiyo nakujibu mbele za watu na lawama sizipokei.

Pole kwa mumeo. Miaka minne ya kula peke yako si mchezo, nami nimeila tisa, najua sahani moja inavyokauka kwenye kichanja. Kutamani mtu akae jikoni kwako si dhambi wala si uhuni. Wala humkosei Paschal, maana Paschal hayupo tena kukaa kwenye kigoda kile, na wewe bado upo.

Lakini kuna mahali unamkosea, na hapo nitakusema. Umeniandikia kwa mkono wako kwamba alilinunua friji lile kwa sababu hakupenda kukusikia unamdanganya baba yako. Na wewe leo unalitumia hilo hilo kumdanganyia mtu mwingine, mara sita sasa, huku linaungua. Hebu lisome tena hilo uliloandika. Mzee kule Dodoma macho yamemwisha, chupa saba ndizo hizo, na binti yake mwenyewe ndiye anayezipika jikoni ili apate mgeni. Acha. Kuanzia leo mkono wako usiende nyuma ya friji ila na brashi ya vumbi.

Haya, tuje kwa fundi. Eti anakudharau kwa sababu amekuja na bisibisi moja. Wewe unafundisha watoto hesabu kweli? Fundi hatoki Umwe bila begi lake, maana hajui anakwenda kukuta nini. Akitoka na bisibisi moja, anajua anakwenda kukuta nini. Mtu anayefufua mafriza ya wauza samaki ashindwe kutambua waya uliochomolewa kwa mkono? Amejua, mwanangu, na sidhani kama amejua jana. Amejua, akapiga pasi shati, akaja. Amekaa saa tatu na nusu kusubiri namba ambayo angeweza kuiulizia kwa simu. Jumamosi ile akachoka, akakuuliza wazi anavyoweza kuuliza mwanamume mwenye heshima ndani ya nyumba ya mjane: niufunge waya huu au niuache? Ukamwambia aje aufunge. Ndiyo maana aliondoka mapema. Wewe unalia huku na yeye yuko Umwe anaamini umemfukuza kwa adabu.

Tena alishakujibu kabla yangu, pale pale sakafuni kwako, kwa sauti yake mwenyewe. Si aseme tu, mdomo si anao? Ukaacha jibu hilo jikoni, ukaenda kununua bahasha.

Sasa sikiliza yale ambayo mapenzi hayataki kuyasikia. Dini zenu ni mbili, na hilo halifunikwi kanga. Usilisukume mbele kwamba litajitengeneza, wala usibadili chochote chako kwa ajili ya maji ya baridi na maongezi ya alasiri. Mtalizungumza nyinyi wawili kwanza, wazi, kila mmoja aseme anaweza nini na hawezi nini, kisha ndugu na wakubwa wa pande zote mbili wasikie kutoka kwenu na si kutoka barazani kwa watu. Inawezekana mkakuta haiwezekani. Bora mkute mkiwa mmekaa mnatazamana. Na habari za mkewe umezipata kwa Mwanaidi. Mwanaidi aliwaandikia talaka? Muulize mwenyewe, waliachana au wamegombana, na binti yake anasemaje.

Naye inawezekana akakukatalia, siwezi kukuficha. Akikukatalia utalia wiki mbili, nami nitakuonea huruma kweli, kisha utabaki na friji zima na mvinyo wa baba yako salama. Sasa hivi unaelekea kukosa vyote.

La kufanya ni hili. Mwache alehemu. Akimaliza, muulize kama kibati kinaweza kuagizwa Dar es Salaam, nawe ukiagize, kwa sababu friji ni lako na unalipenda, si kwa sababu nyingine. Fungua chupa moja kati ya zile saba siku ya mapumziko, onja, umpigie mzee umweleze ladha yake ilivyo kweli, akiwa bado anaisikia sauti yako. Moja tu. Na simu ya fundi usiiache mpaka Jumamosi. Gazeti hili umelinunua leo Alhamisi, na keshokutwa yeye atatandika gazeti sakafuni apange skrubu zake, na ukurasa anaoupenda tunaujua wote. Asikusikie kutoka kwangu.

Mpigie leo, ukitoka shule. Atakuuliza friji limefanya nini tena. Mwambie halijafanya kitu, waya uko mahali pake, na unamwomba aje.