Nabii wa Kinu

Jumapili, Kasongo

Nabii! Ndiyo cheo nilitaka, na kijana muzuri kama miye anafaa. Leo Pasta aliuliza kila mutu iko na karama gani ya kutumikia kanisa. Manabii saba wakasimama. Miye nikawa wa nane, shati imepigwa pasi.

Halafu Mama Feza, mupishi wetu, akasema mukono unamuuma, na wageni wa Kabambare wako njiani na pikipiki. Majani ya muhogo ya kupika sombe hayajatwangwa. Alikuwa karibu kulia.

Manabii wote wakaangalia viatu.

"We kijana," Pasta akaniuliza, "Mungu anakuonyesha nini?"

Nikamuangalia Mama Feza. "Ananionyesha kinu, Pasta."

Kanisa yote ikacheka. Mwanaume kutwanga sombe! Mabinti waimbaji wa korale wakapita jikoni: "Dada, kikwembe yako ya kujifunga kiunoni iko wapi?"

Nikatwanga mpaka viganja vikachubuka. Sombe laini kuliko ya muke wa Pasta, na siongezi chumvi.

"Umeniokoa, mwanangu," Mama Feza akasema.

Wageni wakala, wakalamba vidole. Nabii wao mukubwa akafunga macho: "Namuona mwanamuke mwenye alitwanga hii sombe. Mwaka huu atazaa mapacha!"

Nikasema amina kuliko wote, nikashika tumbo.