Cherehani Haizai

Kawangware, 9 Agosti 1979

Dada Nabalayo,

Mdogo wako bahati imempenda kuliko matajiri wa Riruta. Cherehani tuliyonunua kwa pesa za mtamba wako inanguruma mchana kutwa, na wateja wanapanga foleni mpaka barabarani.

Umeandika kwamba mwanao Khamala anataka kuoa, kwa hiyo nikurudishie ng'ombe pamoja na ndama ambao angekuwa amezaa hii miaka sita. Nilimwendea jirani yangu Okeyo, karani wa duka la mbao, anipigie hesabu. Akacheka.

"Shiundu, cherehani haizai, inachakaa. Mlinunua elfu moja na mia mbili. Kila mwaka toa mia na ishirini. Leo ni ya mia nne na themanini."

"Na hizo zingine nani amekula?"

"Wewe, bwana. Kila suruali uliyoshona, ungeweka kando kidogo ya kununua cherehani nyingine."

Tangu hapo sikai, sisimami. Barua hii nimeichana mara tatu.

Dada, hakuna foleni. Cherehani niliuza Aprili nikalipa kodi ya nyumba, na sasa nashona vifungo kwa mkono. Sina ng'ombe wa Khamala. Nilikudanganya.

Ndugu yako,
Shiundu