Hatua Kumi na Nne

Nyegina, Musoma
4 Machi 1985

Mpwa wangu Getruda,

Mkoa huu wa Mara una watu wawili wanaojulikana mpaka ng'ambo. Mmoja anatoka Butiama, sina haja ya kumtaja. Wa pili ndiye anayekuandikia. Baada ya hilo, u mzima? Baridi ya Leningradi inakuacha usome? Sisi tunapumua. Sabuni hakuna, mama yako anafulia majani ya mpapai.

Nina shida ya heshima. Unamjua Nassibu, fundi cherehani wa Bunda. Jumamosi nilifungwa sataranji kibarazani kwake. Nilikuwa na homa, na jua lilikuwa machoni. Hilo si neno. Neno ni kwamba Nassibu kaandika mchezo wote kwenye karatasi, kaibandika ukutani: THADEO WA NYEGINA, HATUA KUMI NA NNE. Kila anayeleta suruali kutiwa kiraka anasoma. Mniko muuza ndizi hajui kusoma, akasomewa! Akaniuliza sokoni, "Mzee, hizo kumi na nne ni miaka au miezi?"

Nimeinakili, hii hapa. Unasemaga mwalimu wenu wa sataranji ni mwanamke, bingwa wa kimataifa. Muulize dawa. Nataka Nassibu aibandue kwa meno, watu wakiangalia.

Mjomba wako,
Thadeo

Leningradi
20 Mei 1985

Shikamoo Mjomba,

Mimi mzima, ila viatu vimekwisha. Mama aache kunililia.

Mwalimu Tamara Ilinichna amecheka sana, halafu akanisimulia kisa chake. Alijifunza sataranji kwenye nyumba ya yatima baada ya vita, kete zao za mkate mkavu. Akiona njaa anakula kete alizoziteka. Akapanda mpaka bingwa wa mji. Akaalikwa mashindano ya nje, lakini ofisa mmoja, Grachov, akaificha barua ya mwaliko kwenye mtoto wa meza mwaka mzima, akampeleka mwanafunzi wake mwenyewe.

Alisubiri miaka kumi na moja. Siku moja alicheza na watu thelathini kwa mpigo kiwandani, na Grachov akakaa meza ya kumi na saba. Akaomba sare. Mwalimu akakataa. Akamlia kete zote, akamwacha na mfalme tu, halafu badala ya kummaliza akapandisha askari wake mpaka akawa na malkia watatu. Ukumbi mzima ulisimama kutazama.

Dawa yako iko ukurasa wa nyuma. Usitoe malkia mapema.

Mpwa wako,
Getruda

Nyegina
1 Septemba 1985

Getruda mwanangu,

Tunaendelea vizuri, mihogo imekubali.

Huyo Grachov angekuwa wa huku tungemfunga kwenye nguzo ya zizi, ng'ombe wamlambe chumvi mpaka aombe msamaha. Kumnyima mtu barua yake! Mwambie mwalimu namsujudia.

Dawa niliitumia. Bunda ilijaa, watu walikuja mpaka kutoka Suguti. Nilifika hatua thelathini na moja, na ningeshinda kama kuku asingepita juu ya ubao. Sasa kuna karatasi mbili ukutani. Nakala ni hii. Niletee dawa kali zaidi. Yenye malkia watatu.

Mjomba wako

Leningradi
9 Februari 1986

Shikamoo Mjomba,

Afya yangu nzuri, mitihani nimepita.

Mwalimu alizipanga hatua zako mezani, akasahau chai yake. Hakuangalia upande wako, samahani. Alisema, "Huyu aliyemfunga mjomba wako si fundi mzee. Anacheza kama mtu ambaye bado hajaambiwa kuwa haiwezekani. Ni nani?"

Anamtumia kete za mbao na vitabu viwili, vina michoro. Nimeandika jina lako kwenye kifurushi kwa kuwa la kwake sina. Mfikishie, Mjomba. Anangoja jina.

Mpwa wako,
Getruda

Leningradi
3 Novemba 1986

Shikamoo Mjomba,

Mama ameandika kwamba u mzima na kwamba kifurushi ulikichukua posta mwezi wa nne. Mwalimu ananiuliza kila Jumatano.

Getruda

Nyegina
12 Aprili 1987

Mpwa wangu,

Sisi wazima. Kifurushi kilikuwa chini ya kitanda changu. Nilikuwaga nakifungua, nanusa mbao, nafunga. Nilisema: wasubiri, kama nilivyosubiri mimi dawa.

Sasa maduka yamefunguliwa, mitumba imejaa, hakuna anayeshonesha. Nikavaa koti la mtumba la Ulaya nikaenda Bunda kumcheka Nassibu. Cherehani imefunikwa gunia. Nyuma yake bintiye Siwema, wa darasa la sita, anacheza peke yake pande zote mbili, kwa vigogo vya nyuzi na visoda. Kicheko kikagoma. Nikarudi Nyegina kwa baiskeli, nikakipeleka kifurushi Bunda kesho yake. Akaniuliza, "Babu, tucheze?" Nikasema nina haraka.

Mwambie mwalimu jina ni Siwema binti Nassibu. Ndiye aliyenifunga mara zote mbili. Na ile karatasi ya kwanza, kuna kitu mtoto alimkataza baba yake asiandike. Hatua ya tisa nilimwomba anirudishie malkia. Alinirudishia. Hatua ya kumi na moja nikamwomba tena.

Mjomba wako,
Thadeo